VYUMBA VYAHESABIWA, MITUNGI HAIHESABIWI

Maoni ya Mhariri

Ndugu wanachama, na ninyi pia mnaolisoma gazeti hili mkononi mwa jirani kabla hamjakata kadi,

Safari hii twataka kusema juu ya kazi ambayo kila msafiri alalaye Garsen huifaidi, na wachache sana huiona. Ni kazi ya watengeneza vyumba katika mahoteli na magesti: kutandua na kutandika, kufua mashuka, kupiga deki, kusugua vyoo, kuteka maji, kukung'uta vyandarua, na kuamka usiku mgeni akibisha hodi. Wenzetu wa jikoni na wa mezani huonekana, na mgeni akishiba husema ahsante. Mtengeneza chumba hufanya kazi mgeni akiwa ametoka. Akitengeneza vizuri hakuna anayesema neno, na akisahau taulo moja jina lake hutajwa mpaka kwa tajiri.

Mji wetu ni mji wa njia. Hapa Minjila na Garsen barabara itokayo Malindi hugawanyika, moja ikaenda Witu na Lamu, nyingine ikapanda pamoja na mto kwenda Hola na Garissa. Kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo dereva wa lori, mfanyabiashara wa ng'ombe, mwalimu anayehamia kituo kipya, karani wa serikali, na watu wa misaada wakati wa mafuriko, wote huomba chumba hapa. Hatuna mahoteli makubwa ya ufukweni kama ya Malindi na Watamu. Nyumba zetu ni ndogo, na wafanyakazi wake ni wachache. Ndiyo maana watu wengi hudhani kwamba kazi yenyewe ni nyepesi.

Sisi twasema sivyo. Katika hoteli kubwa yuko mtu wa kufua na mashine yake, yuko mtu wa kubeba mizigo, yuko fundi wa mabomba, yuko mlinzi wa kupokea wageni wa usiku, na mtengeneza chumba hutengeneza chumba. Katika gesti ndogo kazi hizo zote huangukia mtu mmoja au wawili, na mshahara hubaki mmoja. Udogo wa nyumba haupunguzi kazi, bali hupunguza watu wa kuifanya.

TUIHESABU KAZI YENYEWE

Desturi ya matajiri ni kumpima mtengeneza vyumba kwa idadi ya vyumba. Asubuhi huambiwa, "Leo una vyumba kumi," na jioni huulizwa kama vyote kumi vimekwisha. Lakini neno "chumba" lina kazi nyingi ndani yake ambazo haziandikwi popote. Basi natufanye hesabu kama watu wa sokoni wafanyavyo, kwa vitu na kwa kilo.

Kwanza, kitanda. Godoro lina pembe nne. Ili shuka likae sawasawa kila pembe lazima iinuliwe, na nyumba nyingi huku chandarua nacho huchomekwa chini ya godoro, kwa sababu mbu wa Delta ya Tana hawana mchezo. Tuseme kila pembe yainuliwa mara moja tu. Vyumba kumi vyenye kitanda kimoja kimoja ni kuinama na kuinua mara 40. Vikiwa na vitanda viwili viwili ni mara 80. Mara moja haimwumizi mtu. Lakini mara 80 kabla ya adhuhuri, mgongo ukiwa umepinda, mkono mmoja ukiinua na mwingine ukisukuma shuka, siku sita kwa juma, mwaka hata mwaka, hilo ni jambo jingine kabisa.

Pili, maji. Siku bomba likikauka, au pale ambapo bomba halifiki vyumbani, maji huletwa kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 una kilo 20 za maji, mbali na uzito wa mtungi wenyewe. Tuseme chumba kimoja chahitaji mtungi mmoja tu, wa choo, wa deki na wa mgeni kuoga. Vyumba kumi ni kilo 200 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi ni kilo 5,200. Mkipima kwa gunia la mahindi la kilo 90, ni karibu magunia 58. Kuli wa sokoni akibeba magunia 58 atadai malipo kwa kila gunia, na hakuna atakayemshangaa. Mama akibeba uzito uo huo kwa mitungi, na pengine kwa ngazi mpaka ghorofa ya kwanza, huambiwa hizo ni kazi ndogo ndogo za nyumba. Hatusemi kwamba kila gesti hubeba kiasi hiki kila siku. Twasema kila mmoja wenu aifanye hesabu ya nyumba yake, naye atashangaa.

Tatu, kufua. Vitanda kumi ni mashuka 20, mbali na foronya na mataulo. Shuka kavu ni jepesi, lakini likilowa huwa zito mara kadhaa. Kulitoa katika karai, kulikamua, kulibeba hadi kambani na kulirusha juu, hizo ni kazi za mabega na za vifundo vya mikono. Wenye kufua kwa mkono wayajua maumivu yale ya usiku, vidole vikifa ganzi na kikombe cha chai kikianguka.

Nne, usiku. Basi likichelewa, mgeni hufika saa nane za usiku na hutaka chumba. Mtengeneza chumba anayelala pale pale kazini huamka, hutandika, huleta maji, kisha saa kumi na moja huamka tena kwa sababu msafiri wa alfajiri ataka kuoga. Saa hizo haziandikwi. Huambiwa, "Lakini wewe hulala hapa hapa." Kulala mahali pa kazi si kupumzika, ikiwa kila hodi ni yako.

Wazee wetu walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Tajiri si mtu mbaya lazima. Huona mzigo ni usufi kwa sababu hajaubeba, na kwa sababu hakuna aliyemwekea hesabu mezani. Vyumba vyahesabiwa kwa kuwa ndivyo vinavyomletea fedha. Mitungi haihesabiwi kwa kuwa haina risiti.

SI UVIVU, NI KAZI

Wako wanaosema kwamba maumivu ya mgongo ni uzee, au ni kuzaa, au ni uvivu. Natutazame yaliyoonekana kwa wenzetu wa nchi nyingine.

Huko Marekani wataalamu walichunguza hoteli 50 na kutangaza matokeo yao mwaka 2010. Waliona kwamba katika kila wafanyakazi 100 wa hoteli waliofanya kazi mwaka mzima, walitokea majeruhi 5.2. Lakini kwa watengeneza vyumba peke yao walikuwa 7.9, kiasi kilichozidi cha wapishi na cha watu wa mezani. Na hizo ni hoteli zenye mashine za kufua, lifti, na maji ya moto na baridi ukutani.

Katika jimbo la California chama cha wafanyakazi wa hoteli kilipeleka maombi mwaka 2012, na baada ya miaka sita, tarehe 1 Julai 2018, ilianza kutumika kanuni inayowalazimu wenye mahoteli kuwa na mpango wa maandishi wa kuzuia madhara ya viungo na misuli kwa watengeneza vyumba. Kanuni yenyewe yataka kazi ichunguzwe hatua kwa hatua, pamoja na kutandika, kuinua na mwendo wa kazi kuwa wa haraka mno, na wafanyakazi wenyewe washirikishwe katika uchunguzi. Hispania nako watengeneza vyumba walijiunga wakajiita Las Kellys, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kihispania yenye maana ya "wanawake wasafishao," na mwaka 2018 serikali yao ilikubali kwamba baadhi ya maradhi yao ya mikono yahesabiwe kuwa maradhi ya kazi.

Wafaransa pia wana somo kwetu. Mjini Paris, katika hoteli ya Ibis ya Batignolles, watengeneza vyumba wapatao 20, wengi wao wanawake wenye asili ya Afrika, waligoma Julai 2019. Hawakuwa wameajiriwa na hoteli yenyewe bali na kampuni ya kandarasi, kama vile wengi wenu mnavyoitwa vibarua. Mgomo ulidumu hadi Mei 2021, yaani miezi 22, na katikati yake ukaja ugonjwa wa korona. Mwisho wake walipata nyongeza ya mshahara, kupunguziwa mwendo wa kazi, na posho ya chakula. Hawakupata yote, maana walibaki chini ya kandarasi. Mmoja wa viongozi wao, Bibi Rachel Keke, mzaliwa wa Cote d'Ivoire, alichaguliwa kuwa mbunge wa Ufaransa mwaka 2022. Basi asiwaambie mtu kwamba mwenye kushika ufagio hana la kusema mbele za wakubwa.

JOTO, MTO NA DAWA

Sisi huku tuna mambo yetu ambayo Paris hawana. La kwanza ni joto. Garsen joto hupita nyuzi 30 mara nyingi, na chumba chenye paa la bati na dirisha dogo huwa kama tanuri. Mtu anayepiga deki humo tangu asubuhi bila kunywa maji hupatwa na kizunguzungu, na akianguka ngazini na mtungi mkononi si bahati mbaya, ni jambo lililotengenezwa.

La pili ni mto. Tana ndiyo inayotulisha na Tana ndiyo inayotufukuza. Mafuriko ya mwaka 2018, na yale ya mwishoni mwa 2023 yaliyofuatwa na ya Aprili na Mei 2024, yalihamisha maelfu ya watu katika kaunti hii, na barabara ya Lamu ilifunikwa na maji pale Lango la Simba, karibu na Gamba, mpaka watu wakavushwa kwa mashua. Barabara ikikatika, wasafiri hukwama na magesti hujaa, kila mgeni ana matope hadi magotini, na mashuka hayakauki. Wakati huo huo nyumba ya mtengeneza chumba imo majini, watoto wako kambini, na yeye hutakiwa kazini kama kawaida. Mwezi ufuatao barabara ikiwa imefungwa kabisa na wageni hawapo, huambiwa akae nyumbani bila mshahara. Faida ya mafuriko ni ya tajiri, na hasara ya mafuriko ni ya mfanyakazi. Hesabu hiyo hatuikubali.

La tatu ni dawa. Dawa ya kung'arisha nguo, ile tuiitayo jiki, haichanganywi kamwe na dawa ya asidi ya kusafishia vyoo. Zikichanganyika hutoa hewa ya sumu ya klorini inayochoma macho na mapafu, na katika choo kidogo kisicho na dirisha yaweza kuua. Wenzetu hupewa dawa zilizomiminwa katika chupa za soda bila jina, wala hawaambiwi ni nini. Kila chupa lazima iwe na jina lake. Kadhalika dawa ya kunguni haipulizwi chumbani na mtu asiye na kitambaa wala glavu, kisha akaambiwa atandike baada ya dakika chache.

JUU YA MLANGO ULIOFUNGWA

Kuna jambo jingine ambalo wanachama wa kike wametuomba tuliandike bila kuzunguka. Mtengeneza chumba huingia peke yake chumbani mwa mtu asiyemjua. Wageni wengi ni watu wa heshima. Lakini wako wanaodhani kwamba wamelipia chumba pamoja na mtu wa kukitandika. Dada zetu hushikwa, hutukanwa, huzuiliwa mlango, na wakimweleza tajiri hujibiwa, "Usinifukuzie wateja."

Twasema wazi kwamba kumshika mtu bila ridhaa yake ni kosa la jinai kwa Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya mwaka 2006, awe mshikaji ni mgeni, ni mfanyakazi mwenzi, au ni tajiri mwenyewe. Na desturi ifuatayo yafaa ianze leo katika kila nyumba: mlango ubaki wazi wakati wa kutengeneza, ndoo iwekwe kizingitini, na mgeni akiwamo ndani kazi ingoje au waende watu wawili. Ninyi wanaume mnaofanya kazi nyumba hiyo hiyo, msicheke dada akiwaomba mwende naye. Hilo ni jukumu la mwanachama.

SHERIA YASEMAJE

Wengi hudhani kwamba sheria ya kazi ni ya watu wa bandarini na wa viwandani. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya mazingira ya kazi yanayofaa, ya kujiunga na chama, na ya kugoma. Haikusema "isipokuwa wa Garsen."

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mfanyakazi apate walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Yataka likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, kwa kila miezi 12. Yataka mama apate miezi mitatu ya uzazi kwa malipo kamili. Baada ya miezi miwili ya kazi, mgonjwa mwenye cheti cha daktari hupata siku saba kwa malipo kamili na siku saba nyingine kwa nusu. Na tajiri yampasa awape wafanyakazi wake maji safi ya kunywa ya kutosha mahali pa kazi.

Neno "kibarua" nalo lina mpaka wake. Kwa sheria hiyo kibarua ni mtu alipwaye kila siku jioni na asiyeajiriwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, hahesabiwi tena kuwa kibarua, bali huwa na mkataba wa mwezi pamoja na haki zake. Basi aliyetandika vitanda vya nyumba moja kwa miaka mitatu akaambiwa kila Jumamosi kuwa ni kibarua, anadanganywa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamkataza mwajiri kumbebesha mfanyakazi mzigo ambao kwa uzito wake waweza kumdhuru, na yamtaka atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza. Glavu zisikatwe katika mshahara. Na Sheria ya Fidia kwa Majeruhi ya Kazini, ya mwaka uo huo, yampa haki ya fidia aliyeumia kazini au aliyepatwa na maradhi ya kazi. Mfanyakazi aarifu mara moja. Tajiri apeleke taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini katika siku saba. Na madai yapelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu ajali.

Lakini hapa pana taabu, nasi hatutaificha. Aliyevunjika mguu ngazini, kila mtu ameona. Mgongo ulioharibika kidogo kidogo kwa miaka mitano hauna siku ya ajali. Tajiri atasema mtu huyu aliumia shambani kwake, au alipokuwa akibeba mtoto. Mfanyakazi asiye na maandishi hujibu nini? Ndiyo sababu twalisisitiza neno la hesabu tangu mwanzo. Hesabu ndiyo shahidi wa mgongo.

MATAJIRI WASEMAVYO

Tumewasikia wenye magesti, na haki yao tuitaje. Husema kwamba chumba cha Garsen si chumba cha Malindi, bei yake ni ndogo, mafuriko hukata barabara, na maji ya mkokoteni hununuliwa kwa fedha taslimu. Hayo ni kweli. Wengine wao walikuwa wafanyakazi kama sisi, na nyumba yenyewe wamejenga tofali kwa tofali.

Jibu letu ni kwamba mengi tunayotaka si ya gharama kubwa. Tangi likiwekwa juu na mpira wa maji ukavutwa hadi mlangoni, mitungi hupungua. Mtungi wa lita 10 badala ya wa lita 20 hupunguza mzigo nusu kwa kila safari. Mpini mrefu wa deki humwokoa mtu kuinama. Watu wawili wakitandika pamoja, mmoja upande huu na mwenzake upande ule, godoro huinuliwa bila kumvunja mtu, na vitanda huisha upesi vile vile. Kitanda kikisogezwa nusu hatua kutoka ukutani, mtu hatalazimika kupanda juu yake kwa magoti. Hayo yote hayazidi hasara ya kumpoteza mfanyakazi anayeijua nyumba, kisha kumfundisha mwingine kila miezi mitatu.

TUNAYOTAKA

Basi kwa ajili ya wanachama wetu wa Garsen, Minjila, Gamba, Kipini na Hola, twataka mambo haya:

1. Kazi ihesabiwe kwa yote yaliyomo, yaani vitanda, mitungi, mashuka na saa za usiku, si kwa vyumba peke yake.

2. Godoro kubwa liinuliwe na watu wawili, na mtungi wa kubebwa ngazini usizidi lita 10.

3. Saa za usiku ziandikwe na zilipwe, na aliyeamshwa usiku aanze kazi kwa kuchelewa asubuhi.

4. Glavu, mpini mrefu wa deki, na dawa zenye majina vitolewe bure.

5. Maji ya kunywa yawepo, na pumziko la kivulini wakati wa jua kali.

6. Mama mjamzito asibebeshwe mitungi wala asipulize dawa, na mshahara wake usipunguzwe kwa sababu hiyo.

7. Aliyezidi mwezi mmoja kazini apewe haki za mkataba wa mwezi, na aliyefika miezi mitatu apewe mkataba wa maandishi.

8. Wakati wa mafuriko asifukuzwe mtu kwa sababu hakuweza kuvuka.

KIDOLE KIMOJA HAKIVUNJI CHAWA

Mtu atauliza, tutayapataje haya nasi tu watu watano katika gesti moja? Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yamlazimu mwajiri kukitambua chama kilicho na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wanaostahili kuwa wanachama. Katika nyumba ya watano, zaidi ya nusu ni watatu. Katika nyumba ya saba ni wanne. Hatuhitaji jeshi. Udogo wa nyumba, ambao umekuwa mzigo wetu, hapa ni nguvu yetu. Na sheria hiyo hiyo yamkataza tajiri kumwadhibu mtu kwa sababu ya kujiunga.

Twajua pia maneno yanayopitishwa chini chini: usijiunge na yule, yeye ni Mpokomo, usimwamini huyu, yeye ni Muorma, yule ametoka Ugiriamani, huyu ni Msomali wa juu. Delta yetu imekwisha kuonja matunda ya maneno hayo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 waliuawa, wakulima na wafugaji, wanawake na watoto. Hatutaki kuyafukua makaburi. Twataka kusema tu kwamba shuka halikunjwi na mtu mmoja; lazima mmoja ashike huku na mwingine ashike kule, na hakuna aulizaye kabila la mwenye kushika ncha ya pili.

Wale waliotutangulia walilijua hilo. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma kwa siku 12, wa bandarini pamoja na wa reli, na watumishi wa mahoteli na wa majumbani walikuwamo. Siku hizo mtengeneza chumba aliitwa "boi" hata akiwa na wajukuu. Chege Kibachia aliyewaongoza katika chama kilichozaliwa na mgomo ule alikamatwa mwaka uo huo na kupelekwa Baringo. Yeye alifungiwa, lakini neno halikufungiwa. Likizo na mapumziko tunayoyasoma leo katika sheria yalianza kudaiwa na watu kama hao, waliokuwa na karatasi chache kuliko sisi.

Basi, ndugu, kazi tunayowapa mwezi huu ni moja. Kila mtengeneza vyumba anunue daftari, au akatiwe nusu na mwenzake. Kila siku aandike tarehe, vitanda alivyotandika, mitungi aliyobeba, mashuka aliyofua, na saa aliyoamshwa usiku. Asiyejua kuandika apige mistari kama tuhesabuvyo magunia, mmoja kwa kila mtungi, na mwanawe wa shule amwandikie tarehe. Akiumia, hata kidogo, aandike siku, mahali na aliyeshuhudia, kisha amwarifu tajiri siku hiyo hiyo.

Mwisho wa mwezi madaftari yaletwe katika mkutano wa tawi. Tutayajumlisha pamoja, nyumba kwa nyumba, na jumla hiyo ndiyo tutakayoiweka mezani tukikaa na matajiri, kabla ya neno jingine lolote. Haba na haba hujaza kibaba. Mtungi mmoja hauandikwi na mtu, lakini mitungi ya Garsen nzima kwa mwezi mmoja itasemeka, na itasikika.

Njooni na madaftari yenu, na kila mmoja aje na mwenzake mmoja asiye na kadi.

Mhariri